Mawe ya Waturuki wa kale: uanze na lipi kati ya haya manne?

Tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili zimewafanya wengi wetu tuwajue wapanda farasi wa Anatolia wa karne ya 13, na mahema yao, na fitina zao. Lakini kufikia wakati huo Waturuki walikuwa wamekwisha kujenga dola, wakaipoteza, wakaipata tena na kuipoteza mara ya pili, maelfu ya kilomita mashariki ya hapo, katika nyika za Mongolia. Habari za huko zimetufikia kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kumbukumbu za makarani wa Kichina: ndefu, zenye tarehe, na zilizoandikwa na watu waliowaona Waturuki ama kuwa maadui ama wa kutiishwa. Ya pili ni mawe waliyoyachonga Waturuki wenyewe.

Mawe hayo ni mengi, na anayetaka kuanza kuyasoma katika tafsiri hupotea haraka. Nimechukua manne yanayotajwa zaidi, au tuseme matatu na kundi moja: jiwe la Kül Tigin, mawe ya Tonyukuk, mawe ya mto Yenisei, na jiwe la Bugut. Kila moja linajibu swali lake, na ukilichagua bila kujua swali lako utaona makabila yaliyokuwa hai yakigeuka orodha ya majina magumu kutamka.

Kwanza ramani fupi ya miaka. Mwaka 552 Bumin aliwaangusha Waruanruan waliokuwa mabwana zake na kuanzisha dola ya kwanza ya Waturuki. Ikagawanyika mashariki na magharibi, na mwaka 630 upande wa mashariki ukaangukia mikononi mwa Wachina wa nasaba ya Tang. Mwaka 682 Kutlug, aliyepewa cheo cha Ilteris Kagan (kagan ni mtawala mkuu wa nyikani), akairudisha. Hiyo ya pili nayo ikavunjwa katikati ya miaka ya 740 na Wauiguri wakishirikiana na Wakarluk na Wabasmil. Hatimaye mwaka 840 Wakirgizi wakashuka kutoka kaskazini na kuwang'oa Wauiguri. Shika miaka hiyo mitano, mengine yatakaa yenyewe.

Kül Tigin: sauti ya ikulu

Hili ndilo jiwe maarufu. Lilisimamishwa mwaka 732 katika bonde la mto Orkhon, mahali paitwapo Khöshöö Tsaidam, na Bilge Kagan kwa ajili ya mdogo wake Kül Tigin aliyefariki mwaka uliotangulia akiwa na miaka 47. Bilge naye alipokufa kwa sumu mwaka 734, lake likasimamishwa karibu na hapo mwaka 735, na sehemu kubwa ya maneno yake ni yaleyale. Kwa hiyo ukisoma la Kül Tigin umesoma karibu nusu ya la Bilge bila kutaka. Mwandishi ni mmoja, Yollug Tigin, mtu wa ukoo wa kifalme, naye hakusahau kujitaja: anasema alikaa siku 20 kuliandika la kwanza, na mwezi mmoja na siku nne kuliandika la pili.

Maneno yana uzito wa kitawala tangu mwanzo wa masimulizi: mbingu ya buluu ilipoumbwa juu na ardhi ya hudhurungi chini, katikati akaumbwa binadamu, na juu ya wanadamu wakaketi babu zangu Bumin Kagan na Istemi Kagan. Kisha inakuja aibu ya kutawaliwa na Wachina: wana wa mabwana wakawa watumwa, binti zao wakawa wajakazi, na kwa miaka 50 watu wakamtumikia mfalme mgeni. Kisha Ilteris anatoka na watu 17. Wakawa 70. Wakawa 700. Jeshi lake lilikuwa kama mbwa mwitu, lasema jiwe, na adui zake kama kondoo.

Kinachonivutia zaidi ni namna makabila yanavyotajwa. Mengi yana namba mbele ya jina: Oghuz Tisa, Mishale Kumi, Kurikan Watatu, Tatar Thelathini. Namba hizo ni hesabu ya koo zilizokubali kukaa chini ya bendera moja, ishara kwamba jina kubwa lilikuwa la muungano wa kisiasa. Na muungano hufunguka. Bilge anasema waziwazi kwamba Oghuz Tisa walikuwa watu wake mwenyewe, kisha mbingu na ardhi zikavurugika wakawa maadui, akapigana nao mara tano ndani ya mwaka mmoja. Kagan wa kabila la Watürgesh? Naye alikuwa Mturuki wetu, watu wetu, anasema, kabla ya kusimulia jinsi walivyomuua. Kiongozi mwingine, Bars Beg, naye alipewa cheo cha kagan na akaozwa dada yake Bilge. Shemeji akakosea, lasema jiwe, naye akauawa, na watu wake wakawa watumwa. Anayedhani kabila la nyikani lilikuwa kundi la damu moja lililofungwa, na asome upande wa mashariki wa jiwe hili kabla ya kuendelea kudhani hivyo.

Upande wa magharibi ndio wenye kichekesho. Umeandikwa Kichina, kwa niaba ya mfalme Xuanzong, aliyetuma pia mafundi wa ikulu yake kuja kuchonga na kupamba. Maneno hayo ya Kichina yanazungumza kwa upole kuhusu urafiki na uhusiano kama wa baba na mwana. Zunguka jiwe lilelile, upande wa Kituruki unakuonya: maneno ya Wachina ni matamu, hariri zao ni laini, na Mturuki akivutwa navyo hadi akahamia karibu nao, atakufa. Bakini kwenye milima yenye misitu ya Ötüken, kitovu cha dola, mtume misafara ya biashara, basi. Sijui kama makarani wa Xuanzong walisomewa upande ule wa pili, lakini pesa na mafundi wao ndivyo vilivyousaidia usimame.

Udhaifu wa jiwe hili ni uleule wa hotuba yoyote ya ikulu. Mwaka 716 Kapagan Kagan, ami yao Bilge na Kül Tigin, aliuawa na kabila la Wabayirku, na Kül Tigin akawaua wana wa Kapagan na wafuasi wao ili kaka yake Bilge akae kwenye kiti. Hayo tunayapata kwa Wachina. Jiwe linasema tu kwamba Tengri, Mungu wa mbinguni, alimketisha Bilge ili jina la watu wa Kituruki lisipotee.

Tonyukuk: mzee anayejisifu, na ana haki

Kusini mashariki ya Ulaanbaatar, upande wa mji wa Nalaikh, zimesimama nguzo mbili zenye mistari 62 kwa jumla. Msemaji ni Tonyukuk, mshauri wa vita wa makagan watatu mfululizo: Ilteris, Kapagan na Bilge. Aliandikisha maneno haya akiwa mzee, ndani ya miaka kumi hivi baada ya 716. Anaanza bila mbingu wala ardhi: mimi Bilge Tonyukuk nililelewa China, Waturuki walikuwa chini ya China.

Hapo hapo umejua uko na mtu tofauti. Anakumbuka walichokula walipokuwa wachache na wamejificha: paa na sungura, na matumbo ya watu yalikuwa yameshiba. Anasema alikosa usingizi usiku na hakuweza kutulia mchana baada ya mpelelezi kuleta habari kwamba Waoghuzi wametuma wajumbe kwa Wachina na kwa Wakitani, jirani zao wa mashariki, ili wawabane Waturuki kutoka pande tatu. Anampelekea kagan wake hoja kwa methali: chembamba ni rahisi kukikunja, chororo ni rahisi kukivunja, chembamba kikiwa kinene, kukikunja ni kazi. Yaani tuwapige kabla hawajaungana. Ni maelezo mafupi ya siasa ya nyikani kupita yote niliyoyasoma.

Na anajisifu, kwa kweli anajisifu sana. Kama Ilteris asingeshinda, na kama mimi nisingekuwapo, pasingekuwa na dola wala watu. Wapo wanaoliona hili kuwa kasoro. Kwangu ni faida, maana mtu anayedai sifa zake hulazimika kueleza alifanya nini hasa, hatua kwa hatua, wakati ikulu hutosheka kusema kwamba mbingu ilitaka.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri kuliko popote pengine katika vita vya majira ya baridi dhidi ya Wakirgizi, karibu mwaka 710, kwa sababu mawe yote mawili yanavisimulia. Hapo ndipo ningemshauri msomaji aweke tafsiri mbili mezani pamoja.

Jiwe la Kül Tigin linasema: tulipasua theluji yenye kina cha mkuki, tukavuka mlima wa Kögmen, tukawavamia Wakirgizi usingizini. Kisha kamera, kama ingekuwapo, inamfuata shujaa mmoja. Kül Tigin alipanda farasi dume mweupe wa Bayirku, akampiga mtu mmoja kwa mshale, akawachoma wawili kwa mkuki, na farasi yule akavunjika paja. Farasi wake wa vita hutajwa kwa majina au kwa wenyewe waliowatoa, na umri wa Kül Tigin mwenyewe hutajwa vita baada ya vita: miaka 16, 21, 27, 31. Ni utenzi wa sifa, na mfupi wa maelezo ya kijeshi.

Tonyukuk anaanza na barabara. Njia ya Kögmen ni moja tu, na imefungwa na theluji. Akatafuta mwongozaji, akampata mtu wa kabila la Az. Akamhoji kuhusu njia nyingine inayofuata mto Ani, akaambiwa ina upana wa farasi mmoja. Akaamuru watu washuke, wapande mlima kwa miguu wakivuta farasi na kushikilia miti. Siku kumi usiku na mchana wakashuka upande wa pili. Mwongozaji akapotea njia, akachinjwa. Nusu ya mstari, imekwisha. Wakafika mtoni, wakahesabu watu, wakawafunga farasi kwenye miti, kisha wakaenda mbio mpaka wakawafungua Wakirgizi usingizi kwa mikuki.

Katika masimulizi ya Tonyukuk, Kül Tigin hayupo. Katika jiwe la Kül Tigin, Tonyukuk hayupo. Na hawa si watu waliokuwa mbali: kwa mujibu wa Wachina, Bilge alikuwa amemwoa binti wa Tonyukuk. Mzee aliponea chupuchupu mauaji ya 716, na undugu huo wa ndoa husemwa kuwa ndio uliomwokoa. Jiwe lake lasomeka kama jibu la mtu aliyeona kwamba vijana wa ikulu wanaanza kuandika historia bila yeye.

Kuhusu makabila, Tonyukuk anatoa kile ambacho Kül Tigin hana: namna muungano ulivyofanya kazi kila siku. Watu 700 wa mwanzo, anasema, sehemu mbili walikuwa na farasi na sehemu moja walitembea kwa miguu. Fikiri hilo kidogo. Theluthi ya wanaoitwa mabwana wa farasi hawakuwa na farasi. Na mwishoni, baada ya kufika Lango la Chuma huko Uzbekistan ya leo, anaorodhesha kilichorudi nyumbani: dhahabu, fedha nyeupe, wasichana, ngamia wenye nundu. Makabila hayakukaa pamoja kwa hotuba za Ötüken pekee.

Yenisei: watu wasio na ikulu

Ukivuka milima ya Sayan kaskazini, kule Tuva na Khakassia, unakutana na mawe mafupi, zaidi ya mia, mengi yake ya makaburini. Haya yanahusishwa na ulimwengu wa Wakirgizi, na zamani wataalamu walidhani ni makongwe kuliko ya Orkhon kwa kuwa maandishi yake yana sura ya kikalekale. Leo wengi huyaweka katika karne ya 8 hadi ya 10. Ukikutana na makala inayoyaita maandishi ya kwanza ya Kituruki, jua imenakili kitabu cha zamani.

Humu hamna kampeni za vita za kurasa nzima. Marehemu anajitaja jina, wakati mwingine cheo, na alama ya ukoo imechorwa pembeni. Halafu anaorodhesha alivyotenganishwa navyo: mke wangu aliye ndani ya chumba chake, wanangu, rafiki zangu, watu wangu. Jua na mwezi wa mbingu ya buluu nimevikosa. Neno linalorudi tena na tena ni kwamba sikutosheka nao. Mmoja anataja podo la dhahabu alilolifunga kiunoni. Utaratibu wa maneno unafanana jiwe hadi jiwe, kwa hiyo ulikuwa desturi, kama ilivyo desturi ya tanzia zetu, lakini ndani ya desturi hiyo kila mtu anachagua cha kulilia.

Kwa anayetafuta historia ya dola, mawe haya yatamchosha kufikia la tano. Kwa anayetaka kujua Mturuki wa kawaida mwenye ng'ombe kidogo na cheo kidogo alihesabu nini kuwa maisha yake, hakuna mahali pengine pa kumkuta. Yana ubaya mmoja: mengi yamevunjika au kufifia, na mengine yameondolewa yalipokuwa na kupelekwa makumbusho ya Minusinsk na Kyzyl, hivyo tafsiri zake hutofautiana kuliko za Orkhon. Soma kumi au kumi na tano mfululizo, si moja moja.

Bugut: jiwe la Waturuki lisilo na Kituruki

Jiwe hili liligunduliwa mwaka 1956 katika mkoa wa Arkhangai, nalo limewekwa katika makumbusho ya mji wa Tsetserleg. Ni la miaka ya 580 hivi, karne moja na nusu kabla ya Kül Tigin, linawataja kagan Muqan na nduguye Taspar aliyemfuata, na hakuna hata mstari wa Kituruki. Pande tatu ni Kisogdia, lugha ya wafanyabiashara wa Samarkand na miji ya jirani. Upande wa nne uko katika maandishi ya Brahmi yenye asili ya India, na ni katika miaka ya 2010 tu wataalamu walipotambua kwamba lugha yake ni ya jamii ya Kimongolia, labda ile ya Waruanruan walioangushwa na Bumin.

Maana yake ni nzito. Makagan wa dola ya kwanza waliandikiwa na Wasogdia, katika lugha ya biashara, na pengine pia katika lugha ya mabwana wao wa zamani. Alfabeti yao wenyewe, ile yenye herufi karibu 40 zinazosomwa kuanzia kulia, inakuja kuonekana kwenye makaburi ya wakubwa baada ya kutawaliwa na Wachina na kujikomboa. Mimi huliona tendo la kuandika Kituruki kwenye jiwe kuwa lenyewe ni sehemu ya ule ukombozi wa 682. Ila Bugut limechakaa mno, na msomaji anayeanza nalo atapata nusu sentensi na mabano. Liache liwe la mwisho.

Mawe ya Wauiguri, kama la Shine Usu na la Tariat, sikuyaweka kwenye ushindani huu. Ni ya miaka ya 750, yanaendeleza mtindo wa Orkhon, na yana faida kwa anayefuatilia jinsi walioangusha dola walivyoiga namna yake ya kujisifu. Mengine ni marudio.

Basi lipi?

Kama una jioni moja tu, chukua Tonyukuk. Mistari 62 inasomeka kwa kikao kimoja, ina hadithi yenye mwanzo na mwisho, na majina ya makabila yanakuja yakiwa na kazi ya kufanya. Kama unaandika insha ya chuo kuhusu utawala, dini ya Tengri au wazo la taifa, Kül Tigin halikwepeki, lakini usilisome bila maelezo ya Wachina kuhusu mwaka 716 kando yake. Mwanafunzi wa fasihi simulizi aende Yenisei moja kwa moja, atajisikia nyumbani. Anayependa lugha na jinsi watu wanavyoazima maandishi, Bugut litamfaa, baada ya mengine.

Kuhusu tafsiri: hakuna tafsiri moja iliyokubaliwa na wote. Mdenmark Vilhelm Thomsen alitangaza Desemba 1893 kwamba ameyafumbua maandishi haya, akisaidiwa na ule upande wa Kichina uliompa jina na tarehe, na akianza na maneno machache kama Tengri, Türk na Kül Tigin. Tangu hapo kila kizazi kimerekebisha. Chagua tafsiri inayoonyesha kwa mabano palipofutika na palipokisiwa, na inayotaja upande wa jiwe na namba ya mstari. Inayotiririka bila pengo hata moja imejaza mapengo kwa niaba yako, na kwenye orodha za makabila ndipo pengo moja likijazwa vibaya linapomgeuza rafiki kuwa adui.